Mtambo upi wa bunduki ya kuwindia kulungu? Jibu kwa kijana wa Mombasa aliyeko Pennsylvania

“Shikamoo mzee. Mimi ni mzaliwa wa Majengo, Mombasa, na sasa ninaishi Pennsylvania nikiwa na kibali cha ukaazi wa kudumu. Wenzangu kazini huwinda kulungu kila baridi inapoanza, nami nimekwisha kupita mafunzo ya wawindaji. Ninataka kujijengea bunduki yangu badala ya kununua iliyo tayari, kwa kuwa marehemu baba alikuwa fundi wa kerezo Shimanzi na mikono yangu imezoea chuma. Mwenzangu mmoja ananiuzia mtambo mtupu wa Mauser wa zamani wa kijeshi kwa bei ya chini. Mwingine anasema ninunue Remington 700. Wa tatu anasema Savage, kwa sababu mtutu wake hufungwa kwa nati na mtu yeyote anaweza kuufunga. Mzee mmoja naye anashikilia kwamba msituni hakuna kama bunduki ya wenzo, ile inayopakiwa kwa kuvuta wenzo ulio chini yake. Risasi ninayoiwaza ni .30-06. Mtambo upi ni imara zaidi? Na je, nikija likizo ninaweza kuja nayo nyumbani?”

Marahaba, mwanangu. Nimelisoma swali lako mara tatu, na nimefurahi kwamba umeuliza kabla ya kutoa pesa. Nimetumia sehemu kubwa ya maisha yangu nikikagua na kutengeneza silaha katika karakana, kabla ya kustaafu hapa Tudor. Ajali chache nilizoziona zilisababishwa na watu waliokuwa na mikono mizuri kama yako lakini waliamini kitu ambacho macho hayawezi kukiona. Wewe unaniuliza ni mtambo upi ulio imara zaidi. Mimi nitakuomba ulitazame jambo hili kwa upande mwingine kidogo, yaani ni mtambo upi ambao uimara wake umekwisha kuthibitishwa na mtu mwenye vifaa vya kuuthibitisha, ili mikono yako ibaki na kazi ambayo kosa lake litaharibu shabaha tu na halitakuharibia uso.

Niyamalize kwanza ya sheria, kwa sababu hayana mjadala mrefu. Kwa sheria ya shirikisho la Marekani, sehemu inayohesabiwa kuwa ndiyo bunduki yenyewe ni ule mwili wa mtambo unaoingia mtutu kwa mbele na kubeba ndani yake bolti, kile kipande cha chuma kinachoteleza na kufunga nyuma ya risasi, na mwili huo mafundi huuita risiva. Mtutu, kitako na darubini ni vipuri tu. Ndiyo maana risiva mpya hununuliwa kwa muuzaji mwenye leseni, kwa kujaza fomu na kukaguliwa rekodi zako, hata kama haina mtutu. Wewe mwenye ukaazi wa kudumu unaruhusiwa kumiliki, lakini ndugu zetu walioko huko kwa viza ya muda, ya masomo au ya matembezi, kwa kawaida wamekatazwa isipokuwa wanapoangukia katika nafuu chache, mojawapo ikiwa ni kuwa na leseni halali ya uwindaji ya jimbo. Ninawasihi wasiguse kitu kabla ya kuzungumza na wakili. Kujijengea bunduki ya matumizi yako mwenyewe hakukatazwi na sheria ya shirikisho kwa mtu asiyezuiliwa kumiliki silaha, ila majimbo yana masharti yake, na ni wajibu wako kuyasoma ya jimbo lako mwaka unaojenga. Mtambo ule wa mwenzako pia, ujapokuwa mtupu na wa zamani, usiupokee kwa kupeana mikono nyuma ya gari. Upitie kwa muuzaji mwenye leseni, ili jina lako lisije likahusishwa na historia usiyoijua.

Kuhusu kuja nayo nyumbani, jibu ni hapana, na ninalisema kwa upole lakini bila kulegeza. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka wa 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka wa 2013 imeweka adhabu nzito kwa anayeua mnyama wa porini. Silaha nazo ziko chini ya Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, ambayo hairuhusu mtu kuingiza, kumiliki wala kutengeneza bunduki bila leseni. Kwa hiyo yote nitakayoyaeleza hapa yanahusu huko uliko, na kijana wa Kisauni mwenye kerezo uani asiyachukue kama ruhusa. Yule kulungu wa Shimba Hills tuliyekuwa tukimwona utotoni si hata mnyama mmoja na huyo wa Pennsylvania mwenye mkia mweupe, kwa kuwa wetu ana pembe za kudumu na yuko karibu zaidi na ng’ombe na mbuzi, hali huyo wa huko huangusha pembe zake kila mwaka na kuotesha mpya.

Sasa tuingie ndani ya chuma. Unapovuta kifyatulio, pini hugonga fataki iliyo katikati ya sakafu ya ganda la risasi, fataki huwasha baruti, na baruti hugeuka gesi kwa muda mfupi kuliko kufumba jicho. Katika risasi ya .30-06, kikomo cha shinikizo kilichokubaliwa viwandani Marekani ni paundi 60,000 kwa kila inchi ya mraba, na kwa .308 Winchester ni 62,000. Gurudumu la matatu lililojazwa vizuri halizidi sana paundi 40 kwa kipimo hichohicho, basi fikiria shinikizo la gurudumu hilo likizidishwa mara 1,500 ndani ya chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu inapolala risasi, lisilozidi kidole. Gesi hiyo husukuma kichwa cha risasi mbele kwenye mtutu, na kwa nguvu ileile husukuma ganda nyuma, kuelekea kwenye jicho lako. Msukumo huo wa nyuma hufikia tani tatu na zaidi. Kinachousimamisha ni yale masikio mawili ya chuma yaliyo mbele ya bolti, ambayo unapoteremsha mkono wa bolti huzunguka na kujifunga mbele ya kuta zake ndani ya risiva, kama komeo la mlango.

Hapo ndipo dhana ya kwanza inapopotea. Watu wengi hudhani kwamba uimara ni unene wa chuma au wingi wa masikio. Chuma kinene kilichochomwa moto vibaya ni hatari kuliko chembamba kilichochomwa vizuri, na hakuna jicho linaloweza kutofautisha. Historia ina mfano ambao kila fundi wa chuma anapaswa kuujua. Bunduki za Springfield za mwaka wa 1903, zilizotengenezwa kwa jeshi la Marekani, zilianza kupasuka mikononi mwa askari wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Uchunguzi ulionyesha kwamba mafundi walikuwa wakikadiria joto la chuma kwa kuangalia rangi yake tanuruni, na rangi ileile huonekana tofauti siku ya jua kali na siku ya mawingu. Jua likiwaka, chuma kilionekana hakijaiva, wakakiongezea moto, kikatoka kigumu kama kioo na chepesi kuvunjika kama kioo. Mwaka wa 1918 njia hiyo ilibadilishwa na joto likawa linapimwa kwa kifaa, na mpaka leo bunduki za Springfield zenye namba chini ya 800,000 hushauriwa zisipigwe risasi. Walikuwa mafundi stadi wenye uzoefu wa miaka, na jicho liliwadanganya. Baba yako, Mungu amrehemu, bila shaka alikuwa anajua rangi ya chuma kinapoiva kwa patasi na shoka, lakini patasi ikipasuka hupoteza patasi tu.

Dhana ya pili ni kwamba ugumu wa kazi hii uko kwenye kufunga mtutu ukakaza. Kukaza si kazi. Kazi ni kuuweka mtutu mahali ambapo, bolti ikifungwa, umbali kati ya uso wa bolti na bega la chemba, pale bega la ganda linapoegemea, uwe sawasawa na kipimo cha risasi. Nafasi hiyo hupimwa kwa geji, yaani vipande vya chuma vya kupimia vyenye umbo la risasi. Kwa .308, geji ndogo, ambayo bolti lazima ifunge juu yake, ina urefu wa inchi 1.630, na geji kubwa, ambayo bolti lazima ikatae kufunga juu yake, ni 1.634. Tofauti ni elfu nne za inchi, yaani sehemu moja ya kumi ya milimita, unene wa karatasi moja ya daftari. Nafasi ikiwa ndogo mno, bolti haitafunga, na hilo ni usumbufu tu. Ikizidi, hutahisi chochote siku ya kwanza, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Risasi inapolipuka, kuta nyembamba za ganda hutanuka na kushikamana na kuta za chemba, lakini sakafu ya ganda ni nene na haishiki, kwa hiyo husukumwa nyuma mpaka ikutane na bolti. Ganda basi huvutika, na hukondea mahali pamoja, kidogo tu juu ya sakafu yake.

Nikuonyeshe jinsi linavyoonekana, kwa sababu hili nimelishika mkononi mara nyingi. Unaliokota ganda lililotumika, unaligeuza kwenye mwanga wa dirisha, na karibu na chini yake unaona mstari mwembamba unaong’aa, kama pete ya fedha iliyovishwa kwenye shaba ya manjano. Kisha unachukua waya, unaikunja ncha yake kama ndoano ndogo, unaiingiza mdomoni mwa ganda na kuiburuta ukutani kutoka chini kwenda juu. Ukuta mzima huwa laini. Ukutani palipokonda, ncha ya waya hudumbukia kijishimo, unausikia mkwaruzo kwenye vidole kabla ya kuusikia masikioni. Ganda hilo likipigwa tena, au lingine likipigwa katika bunduki ileile nafasi ikizidi kukua, litakatika vipande viwili, na gesi ya shinikizo lile niliyoitaja itatafuta njia ya kutoka kupitia kwenye mtambo, kwenye mkono na uso wako.

Ukishaelewa mambo hayo mawili, namna chuma kilivyochomwa na nafasi ya risasi, unaweza kuwapima washauri wako wanne kwa haki.

Nianze na Mauser, kwa sababu ndiyo inayokuvutia na ndiyo ninayoipenda. Mtambo wa mwaka wa 1898 wa Paul Mauser ni miongoni mwa kazi bora za chuma zilizowahi kufanywa. Una sikio la tatu nyuma ya bolti kwa ajili ya dharura, una matundu ya kuelekeza gesi mbali na uso ganda likipasuka, na una kucha ndefu ya chuma ubavuni mwa bolti inayolishika ganda tangu linapotoka kwenye magazini mpaka linapotupwa nje. Kucha hiyo ndiyo wengi huichanganya na uimara. Inasaidia risasi isiachwe njiani mtu anapobabaika na kuisukuma bolti nusu, na inavuta ganda lililoganda kwa nguvu, jambo lenye maana kubwa kwa mtu anayemkabili nyati. Haiongezi hata gramu moja ya nguvu katika kuzuia yale matani matatu. Kwa kulungu aliye hatua 80 anayekula majani, mtambo usio na kucha hiyo hufanya kazi vilevile.

Ugumu wa Mauser ya zamani ni kwamba jina ni moja na vitu ni vingi. Mwaka wa 1914, katika vita vya Tanga hapo jirani yetu, askari wengi wa Wajerumani walikuwa na Mauser ya mwaka wa 1871, iliyotumia baruti nyeusi na kutoa moshi uliowaonyesha walipo. Zile za 1893 na 1895 zinatumia baruti isiyo na moshi lakini hazina sikio la tatu kama lile la 1898, na ziliundwa kwa risasi za shinikizo la chini kuliko hiyo uitakayo. Hata za 1898 zenyewe zilitengenezwa katika nchi nyingi kwa miaka mingi, za wakati wa amani kwa utulivu na za mwisho wa vita kwa haraka. Chuma chake kwa kawaida ni laini ndani na kigumu kwa nje, ganda jembamba tu la ugumu, kwa hiyo aliyewahi kuusaga mtambo huo ili uonekane mzuri au ukubali darubini huenda ameuondoa ugumu wote bila kujua. Hapo kuta zinazoshikilia masikio huanza kubonyea kidogo kidogo kwa kila risasi, na nafasi ile ya unene wa karatasi hukua. Tena .30-06 ni ndefu, kiasi cha milimita 85, wakati Mauser ilipimwa kwa risasi ya milimita 82. Baadhi yake, kama M24/47 za Yugoslavia, ni fupi hata kuliko hizo nyingine. Wapo waliolazimisha risasi hiyo iingie kwa kuchimba njia ya kupandia risasi, na kwa kufanya hivyo wakala chuma kilicho nyuma ya sikio la chini.

Bei nayo ni ya udanganyifu, ingawa mwenzako hana nia mbaya. Ukishalipia kutobolewa matundu ya darubini, kukunjwa mkono wa bolti usigonge darubini hiyo, kizuizi kipya cha usalama, kifyatulio kipya, mtutu na fundi wa kuufunga, utakuwa umepita bei ya bunduki mpya. Mtu anaweza kuifanya kazi hiyo kwa mapenzi, na siwezi kumlaumu, lakini isiwe bunduki yake ya kwanza.

Remington 700, iliyotoka mwaka wa 1962, ni mtambo wa duara kama bomba, rahisi kulaza vizuri kwenye kitako, na vipuri vyake ni vingi kuliko vya mtambo mwingine wowote huko Marekani. Hilo ni jambo la maana. Lakini mtutu wake wa kawaida hukaa kwa bega linalokatwa kwenye kerezo mpaka nafasi ya chemba iwe sawa, na kazi hiyo ni ya fundi wa bunduki mwenye rima, yaani kikatio cha chemba, na geji zake. Wewe unajua kukereza, ndiyo, ila kukereza shafti ya pampu na kukata chemba ni kazi mbili, na ya pili hujifunzwa kwa kusimama kando ya mtu anayeijua. Ukiupata mtambo wa mkono wa pili, chunguza pia kifyatulio chake. Mwaka wa 2014 kampuni ilivirudisha vifyatulio vya aina ya X-Mark Pro, vilivyotengenezwa tangu 2006 mpaka mwanzoni mwa 2014, kwa kuwa vingeweza kufyatua bila kuvutwa, na vile vya aina iliyovitangulia vilikuwa na kesi zake ndefu mahakamani. Usiweke risasi katika mtambo wa namna hiyo kabla ya kujua ni kifyatulio gani kimo ndani.

Savage 110, ya mwaka wa 1958, ndiyo iliyo karibu zaidi na ndoto yako. Mtutu wake huingizwa kwa mkono mpaka uguse geji, kisha nati kubwa huukaza mahali pake, kwa hiyo nafasi ya chemba hupangwa bila kukata chuma. Rafiki yako amesema kweli mpaka hapo. Pale aliposema “mtu yeyote anaweza” ndipo ninapomkatalia. Anayeweza ni mtu aliye na geji mbili za risasi ileile, anayejua kuitoa pini na kirushio cha ganda kwenye bolti ili ahisi kwa kidole bolti inapokataa, na anayepima upya baada ya nati kukazwa, kwa sababu kukaza kwenyewe huusogeza mtutu. Nimeona mtu akipima vizuri, akakaza, akaridhika, na kipimo kilikuwa kimekwisha kuhama.

Mzee wa bunduki ya wenzo asidharauliwe. Misitu ya Pennsylvania ni minene, kulungu wengi hupigwa chini ya hatua 100, na bunduki hiyo ni nyepesi na ya haraka. Risasi yake ya kawaida, .30-30, ina kikomo cha shinikizo cha paundi 42,000 tu na imeua kulungu tangu mwaka wa 1895. Ila si mtambo wa kujijengea. Una vipande vingi vidogo vinavyotegemeana, na mitambo ya wenzo inayokubali .30-06 ni michache sana. Tena nyingi hupanga risasi ndani ya bomba, ncha ya moja ikiegemea fataki ya nyingine, kwa hiyo risasi yenye ncha kali ya chuma haifai humo kabisa. Ukimpenda mzee huyo na ushauri wake, nunua iliyo kamili. Zile zinazojipakia zenyewe sizizungumzi, kwa kuwa Pennsylvania hairuhusu kuzitumia kwa kulungu.

Basi ningekuwa wewe, ningenunua mtambo mpya wa bolti uliokwisha kufungwa mtutu na kupimwa kiwandani, unaouzwa bila kitako. Howa 1500 ya Japani huuzwa hivyo, na ninaipenda kwa sababu sikio la chini ya mwili wake linalopokea mkupuo, yaani msukumo wa bunduki kurudi nyuma, limetokana na chuma kimoja na mwili wa mtambo, na tumbo lake ni bapa, kwa hiyo hulala kwenye mti bila kuzunguka. Savage mpya yenye mtutu wake wa kiwandani ni chaguo la pili zuri, na siku utakapotaka kubadilisha mtutu, baada ya miaka na baada ya kufundishwa, mlango utakuwa wazi.

Kuhusu risasi, .30-06 si kosa, ila ifikirie .308 au 7mm-08. Zote mbili huingia katika mtambo mfupi, ambao bolti yake husafiri umbali mdogo zaidi na uzito wake ni pungufu kidogo, na 7mm-08 hupiga bega kwa upole kuliko .30-06. Kulungu hataona tofauti yoyote. Wewe utaiona, kwa sababu mtu asiyeogopa mkupuo wa bunduki yake hufanya mazoezi mengi zaidi na hulenga vizuri zaidi, na ukiwa mtu wa Majengo unayefikiria pia uhalali wa nyama, pigo moja safi lina uzito wa pekee kwako. Masharti ya bismillahi na ya kumwahi mnyama akiwa hai muulize mwanachuoni wa karibu, mimi si mtu wa kuyatolea fatwa.

Sasa kazi yako mwenyewe. Ninajua unaweza kudhani nimekunyang’anya ujenzi wote nikakuachia seremala. Sivyo hata kidogo. Wewe umekulia katika nyumba za Mombasa, basi unaujua ule mlango ambao kaskazi hufunguka kwa kidole na masika hutaka bega. Mti hunywa unyevu ukavimba, hukauka ukasinyaa, na hauvimbi sawa pande zote. Mtutu ukiwa unaguswa na mti pembeni, mvua ya Novemba huusukuma upande mmoja, na bunduki iliyopiga katikati ya shabaha mwezi wa tisa hupiga kando siku ya kuwinda, mwindaji akailaumu darubini. Kwa hiyo mti wote unaozunguka mtutu huchongwa uache nafasi, kiasi cha karatasi nzito kupita bila kukwama kutoka ncha mpaka karibu na chemba. Mtambo wenyewe hulazwa juu ya nguzo mbili fupi za alumini zinazopita ndani ya mti, ili skrubu zikazwe chuma juu ya chuma na si juu ya mti unaosinyaa. Nyuma ya lile sikio linalopokea mkupuo hujazwa epoksi inayochukua umbo lake hasa, ili kila risasi mtambo urudi mahali palepale ulipokuwa.

Ni kazi ya majuma kadhaa, ya masizi na patasi. Unapaka chini ya mtambo masizi ya taa, unaulaza kwenye mti, unauinua, unakata pale penye weusi tu, kisha unarudia. Pengine utarudia mara 100. Tumia mti wa mjozi uliokaushwa vizuri, ambao mafundi wa vitako wamekuwa wakiupendelea kwa sababu ni imara kwa uzito wake na hauchezi sana ukishakauka. Mvule utakaoagiza kwa ndugu zako ungekuwa na kumbukumbu ya nyumbani, lakini vumbi lake huwasha ngozi na mapafu, na punje zake zilizopishana huchomoka chini ya patasi kwenye kingo nyembamba. Kosa lako hapa litakugharimu kipande cha mti au sentimita kadhaa za shabaha, na unaweza kulirekebisha Jumamosi inayofuata.

Kabla ya kupiga risasi ya kwanza, peleka bunduki nzima kwa fundi wa bunduki mwenye leseni, hata kama mtutu ni wa kiwandani, na umwombe apime nafasi ya chemba kwa geji mbili mbele yako na aukague uzito wa kifyatulio na kizuizi cha usalama. Usifikirie kuwa ni kumkosea heshima mtu aliyekuuzia. Ukiamua hatimaye kuuchukua ule mtambo wa Mauser kwa kumbukumbu, mpelekee fundi huyohuyo kabla ya kulipa, mwambie apime ugumu wa chuma na atazame kwa taa kuta za nyuma ya masikio kama zina kijibonde, na akitikisa kichwa usibishane naye.

Siku ya kwanza uwanjani, piga risasi moja moja za kiwandani, miwani machoni na vizibo masikioni, na uokote kila ganda. Fataki iliyobonyea ikawa bapa mpaka kingoni, sakafu ya ganda yenye alama ya kusuguliwa inayong’aa, bolti inayotaka kupigwa kwa kiganja ili ifunguke, au ile pete ya fedha niliyokueleza karibu na chini ya ganda, moja tu kati ya hizo inatosha kukusimamisha. Toa risasi zilizobaki, acha bolti wazi, funga maganda hayo kwenye kitambaa kwa mpangilio ulioyapiga, na uyapeleke pamoja na bunduki kwa fundi kabla ya kuvuta tena kifyatulio.